Upinde Usio na Mwisho: Shajara ya Kupiga Fidla na Nai kwa Kompyuta

Siku ya 1

Kaka yangu ametunga bashrafu fupi, kipande cha taarab cha ala bila maneno, katika maqamu (mpangilio wa noti) ya Rasti, na tumekubaliana kuirekodi nyumbani, chumba cha nyuma, hapa Ng'ambo, Unguja. Udi atapiga mwenyewe. Wapigaji wa ngoma ya dumbaki na tari ya rika tunao. Fidla na nai, filimbi ya mwanzi, ndizo hatuna. Mwalimu aliyenishikisha fidla nikiwa na miaka tisa, bega lake la kulia halimruhusu tena kuvuta upinde zaidi ya dakika mbili tatu, na mimi mwenyewe niliiacha zamani nikahamia kwenye kinanda. Kwa hiyo nitajaribu kuzipiga kwa kompyuta, na nitaandika kila hatua ili atakayekuja nyuma yangu asianzie gizani.

Masikio yangu yamelelewa na Ikhwani Safaa, kundi la taarab lililoanzishwa 1905, na Culture Musical Club ya 1958. Katika makundi hayo fidla hukaa safu moja, zote zinafuata wimbo ule ule, lakini kila mkono unaupitia kwa njia yake. Ndiyo sauti ninayoitafuta. Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa imebebwa na kinanda, na kinanda hicho hicho kimenilisha mimi na watoto wangu, sina neno nacho. Ila fidla iliyomo ndani ya kinanda haijawahi kunitoa machozi. Ya mwalimu imenitoa.

Siku ya 2

Nimekaa na daftari kujiuliza kasoro iko wapi hasa.

MIDI, lugha ambayo ala za umeme hutumia kuambiana mambo, ilitoka 1983, na waliobeba kazi ile walikuwa watengenezaji wa vinanda. Ukibonyeza, inatuma habari tatu: chaneli gani, noti ipi, umebonyeza kwa nguvu gani kati ya 0 na 127. Kuanzia hapo mpaka unyanyue kidole, noti haina jipya la kuambiwa. Kwa piano hiyo inatosha, maana nyundo ikishagonga waya mpigaji hana tena mamlaka juu yake. Kwenye fidla mambo huanzia hapo. Noti ikishazaliwa ndipo mkono unapoilea: upinde unakaza, unalegea, unakimbia, kidole kinatikisika, noti inavutwa hadi kwa jirani yake.

Njia ya kupitisha hayo iliwekwa tangu mwanzo. Kidhibiti namba 2 cha MIDI ni cha pumzi, namba 11 ni cha kupandisha na kushusha hisia ya sauti, na kuna gurudumu la kupinda noti. Yamaha DX7 ya 1983 ilikuwa na tundu la kuchomeka kifaa cha kupuliza mdomoni. Barabara ilichongwa, wengi wetu hatukuipita.

Siku ya 4

Nimejaribu kwanza fidla za sampuli, yaani sauti za fidla halisi zilizorekodiwa noti kwa noti. Noti moja moja ni nzuri mno, unasikia mpaka unga wa ulimbo kwenye nywele za upinde. Tatizo linakuja noti inapotaka kukua. Programu ina rekodi moja ya kupiga taratibu na nyingine ya kupiga kwa nguvu, na nikipandisha kidhibiti inafifisha ya kwanza huku ikiingiza ya pili. Kwa muda katikati hapo zinasikika mbili kwa pamoja, mawimbi yake hayaendi sambamba, na sauti moja inakuwa fidla mbili zinazosukumana mlangoni. Kwa safu kubwa ya fidla sikio halijali. Kwa fidla moja peke yake linajali sana.

Na Rasti inataka noti zilizokaa kati ya vitufe vyeupe na vyeusi, tena inataka kuzifikia kwa kuteleza. Sampuli iliyorekodiwa imesimama wima haipendi kuteleza mbali.

Nimeamua kwenda njia ya pili: ala inayokokotolewa. Hapo hakuna rekodi. Kompyuta inahesabu wimbi linavyokwenda na kurudi ndani ya waya au ndani ya bomba, mara 48,000 kwa sekunde, na mimi naipa mwendo wa upinde, au pumzi. Hesabu hizi zilikuzwa sana na Julius O. Smith pale Stanford, na Yamaha ikazitia kwenye kinanda cha VL1 mwaka 1994. Leo hata laptopu yangu kuukuu inaziweza. Nitatumia Faust, lugha ya programu za sauti iliyozaliwa GRAME, Lyon, Ufaransa. Ni ya bure, na maktaba yake ina fidla na filimbi zilizoandikwa tayari. Zipo ala za kununua za aina hii zilizokamilika zaidi. Mimi nataka kuufungua upinde wenyewe nione ndani, ndiyo maana nimechagua hii.

Siku ya 6

Nimepiga fidla ya Faust kwa kinanda changu cha vitufe 49, mwendo wa upinde nikaufunga kwenye gurudumu la kushoto. Sauti ni ya mbu. Nyembamba, haina mbao. Lakini nilipolisogeza gurudumu taratibu noti ilikua kutoka ndani, haikubadilishwa na nyingine. Nimeshinda hadi saa sita za usiku nikipiga noti moja.

Gurudumu halitoshi, maana mkono wa kushoto naudai kwa kazi nyingine. Mdomo ndio uko bure. Nimepiga simu kwa duka moja la vifaa vya elektroniki Kariakoo, wataniletea kwa boti: sensa ya mgandamizo wa hewa MPX5010DP, kibao cha Arduino (kompyuta ndogo ya kusoma sensa), waya na kisanduku cha plastiki.

Siku ya 10

Mzigo umefika. Kibao walichonipa ni Arduino Uno, na kosa ni langu, sikueleza. Uno ukiichomeka kwenye kompyuta inaonekana kama mlango wa kawaida wa data, haijitambulishi kuwa ala ya MIDI. Kinachotakiwa ni kibao chenye chipu ya ATmega32U4, kama Pro Micro au Leonardo, ambacho chenyewe kinasema "mimi ni MIDI" na programu zote zinakiona. Nimeagiza Pro Micro ya volti 5. Siku tatu zimepotea. Ukisoma hapa usizipoteze zako.

Siku ya 13

Leo ni siku ya mpira wa dripu.

Sensa inapima mgandamizo, haipimi hewa inayopita. Ukiunganisha mdomo na sensa kwa mpira mzima usio na pa kutokea, unapuliza hewa isiyokwenda popote: mashavu yanavimba, kifua kinakaza, noti ndefu mbili tu na kichwa kinauma. Lazima hewa ipate pa kuvujia, na tundu la kuvujia ndilo linaloamua ala yako ni nzito au nyepesi.

Nilikwenda duka la dawa nikanunua seti mpya ya dripu, bado imefungwa. Karibu kila kitu kimo. Mpira laini mwembamba, kiungo cha njia tatu nilichonunua kando, na lile gurudumu dogo ambalo nesi hulizungusha kupunguza matone. Njia moja ya kiungo inakwenda mdomoni, ya pili kwenye sensa, ya tatu inatoka nje kupitia gurudumu la matone. Nikilifungua, hewa inatoka kwa wingi kama kwenye nai. Nikilibana, napata ukinzani kama wa zumari. Ningekaa mwezi mzima nisingebuni valvu nzuri kuliko hiyo.

Mate yana adabu yake pia. Sensa imetengenezwa kwa hewa kavu. Nimeiweka juu kuliko mdomo, mpira unapanda kuifikia, na upande ule hewa imesimama, haipiti. Unyevu unashuka kwenye njia ya kutokea. Baada ya saa mbili za kupuliza mpira wa sensa bado mkavu.

Siku ya 15

Hesabu kidogo, maana hapa ndipo nilipokwama na ndipo nilipofunguka.

Sensa hii inatoa volti 0.2 isipopulizwa, na inaongeza volti 0.45 kwa kila kilopaskali moja, kipimo cha mgandamizo. Kibao kinasoma volti 5 kama hatua 1,024. Kwa hiyo kilopaskali moja ni hatua 92 hivi. Mpulizo wangu wa kawaida, gurudumu la dripu likiwa wazi, haufiki kilopaskali moja na nusu. Maana yake pumzi yangu nzima, kutoka kimya mpaka ukelele, inabanwa ndani ya hatua 138, na ule upande wa upole, ambao ndio wenye mambo yote ya taarab, unabaki na hatua ishirini au thelathini. Sauti ilikuwa inapanda kwa ngazi. Nikipuliza taratibu nasikia kwa masikio yangu trrrr, kama kidole kinachopitishwa kwenye meno ya kitana.

Nimefanya mambo matatu. Nimelibana gurudumu hadi mpulizo wa nguvu ufike kilopaskali 4 au 5, hatua zikawa kati ya 370 na 460 hivi. Nimetuma pumzi kwa namba mbili, kidhibiti 2 na mwenzake 34 anayebeba sehemu ndogo ndogo, ili hatua zisikatwe kuwa 128. Na nimelainisha usomaji: kila milisekunde moja kibao kinachukua thamani ya zamani na kuisogeza asilimia 20 kuelekea mpya. Nilipoisogeza asilimia 3 tu kila mara, sauti ikawa hariri lakini ikawa mvivu, ulimi unapiga sasa na noti inakuja baadaye. Kwa asilimia 20 kuchelewa ni kama milisekunde nne na nusu, mwili hauhisi.

Kuchelewa kwingine kulikuwa kwenye laptopu. Bafa ya sauti, yaani fungu la vipimo ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvitoa, ilikuwa 512, sawa na milisekunde 10.7. Nimeishusha hadi 128, milisekunde 2.7, feni ikaanza kulia. Nimeweka laptopu juu ya vipande viwili vya mbao ipumue.

Umeme umekatika saa mbili usiku. Nimeendelea na betri mpaka ikaisha.

Siku ya 19

Nai. Filimbi ya Faust inatoa sauti safi mno. Nai haiko hivyo. Mpulizaji anaegemeza ukingo wa mwanzi kwenye midomo kwa mshazari, hewa nyingi inapotea pembeni, na msikilizaji anasikia pumzi kabla ya noti. Nimeongeza mvumo wa hewa unaofuata pumzi yangu, ila nikaupa njia yake: unaanza mapema, mpulizo ukiwa mdogo kabisa na noti bado haijasimama, kisha unazidiwa na noti nikikaza. Dakika kumi za kazi. Kaka akatoa kichwa mlangoni akauliza nimepata wapi nai.

Sijamwamini sana, anapenda kunitia moyo. Lakini nimelala na furaha.

Siku ya 24

Shemeji yangu anayeishi Maskati amekuja likizo na LinnStrument yake, kibao cha vidole alichobuni Roger Linn, na amekubali kuniachia kwa wiki chache. Kina miraba 200, safu nane za miraba 25. Kila mraba unajua mambo matatu kwa pamoja: kidole kimesogea kushoto au kulia, kimepanda au kushuka, na kinabonyeza kwa uzito gani. Kila kidole kina habari zake, hakiingilii cha jirani. Utaratibu huo unaitwa MPE, uliidhinishwa rasmi 2018, na ujanja wake ni mwepesi: MIDI ina chaneli 16, basi moja inashika mambo ya jumla na nyingine 15 zinagawiwa noti, kila noti na chaneli yake, kwa hiyo kila noti inaweza kupindwa peke yake.

Kiwandani safu zake zimepangwa kwa kupishana nusu toni tano (nusu toni ni hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani). Nimebadilisha ziwe saba, kama waya za fidla, na vidole vya mkono wa kushoto vikakumbuka njia ambazo kichwa kilishasahau. Miaka ishirini na zaidi vilikuwa vimeihifadhi.

Siku nzima nilihangaika na jambo moja. Nilitelezesha kidole kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, noti ikasogea kiasi cha kwikwi. Kibao kilikuwa kinahesabu kwamba kupinda kote ni nusu toni 48 kila upande, programu yangu inahesabu 2. Mmoja anasema kilomita, mwenziwe anasikia mita. Zote mbili sasa ni 48. Nilihofu kwamba kwa upana huo robo toni itakuwa na hatua kidogo, nikakokotoa: upande mmoja una hatua 8,192 kwa senti 4,800 (nusu toni moja ni senti 100), robo toni ya senti 50 inapata hatua 85. Zinatosha kabisa.

Siku ya 28

Nimekwenda kwa mwalimu na maikrofoni, nikiwa na maombi mawili.

La kwanza ni noti ya tatu ya Rasti. Vitabuni wanaiweka katikati kabisa, senti 350 kutoka noti ya msingi. Nilimwomba aiimbe tu, asihangaike na fidla. Aliimba akipanda, akaimba akishuka. Nimepima nyumbani: akipanda anaikalia kwenye 358 hivi, akishuka anailegeza hadi karibu 345. Noti moja, makao mawili, kutegemea unakwenda wapi. Hivi vinanda vya Kiarabu vyenye vitufe vya robo toni vinakupa kao moja, nalo limepigiliwa msumari.

Ombi la pili lilikuwa fidla yake. Sauti ya mbu niliyoiandika siku ya 6 ni sauti ya waya bila sanduku. Kwenye fidla ya kweli waya unatikisa daraja, daraja linatikisa mbao, na mbao ndizo tunazozisikia. Tulizifunga waya kwa kitambaa zisilie, nikagonga daraja mara nyingi kwa kijiti chepesi huku narekodi. Tok. Tok. Tok. Mlio mfupi kama huo unabeba tabia yote ya sanduku, na kompyuta inaweza kuutumia kupitishia sauti yoyote. Mwalimu alikuwa ameishika fidla mapajani kama mtoto anayepimwa joto. Ameniuliza kama haitaumia.

Nilipofika nyumbani nimepitisha waya wa Faust ndani ya mbao zile. Sitasema zaidi ya kwamba niliijua.

Siku ya 30

Vidole vimegoma kutoa 358. Kila nikigusa, noti inajiweka kwenye nusu toni iliyo karibu. Ni mpangilio wa kibao: kinasahihisha mguso wa kwanza, na ukituliza kidole kinakurudisha kwenye mstari. Kwa anayepiga muziki wa Ulaya ni msaada mkubwa. Nimevizima vyote viwili. Sasa kila kosa la kidole linasikika, na kila kweli ya kidole pia. Nimefanya mazoezi ya noti za kushikilia kwa saa nzima, huku sauti ya mwalimu inalia sikio la kushoto.

Kutikisa noti pia nimekutoa mikononi mwa mashine. Nilikuwa nimeweka mtikiso wa kujiendesha, mara sita kwa sekunde, na ndiko sikio lilikokuwa linagundua kompyuta kabla ya kwingine kote. Kidole kinaanza kimya, kinatikisika noti ikishakaa, kinachoka, kinaharakisha mwishoni. Sijaona hesabu ya kuandika hayo. Ninalo dole gumba la kuliegemea na kidole cha pili.

Siku ya 34

Kukwaruza. Nikipuliza kwa nguvu fidla inapata ukali wa bati, nikipuliza kidogo mno inapiga mluzi wa juu usio na mwili. Sababu ninaijua tangu utotoni kwa mkono, leo nimeielewa kwa akili. Upinde unashika waya, unauvuta, unauachia, unaushika tena, mamia ya mara kwa sekunde. Ukikandamiza kupita kiasi hauachii kwa wakati wake, ukikandamiza pungufu haushiki. John Schelleng alichora mipaka hiyo miwili mwaka 1973, na nafasi kati yake inabadilika kadiri upinde unavyokaribia daraja. Mimi nilikuwa nimefunga pumzi kwenye mkandamizo pekee, mwendo umesimama mahali pamoja, kwa hiyo nilikuwa natoka nje ya mipaka kila nikikaza. Sasa pumzi inaongoza mwendo, na mkandamizo unaufuata nyuma kwa theluthi moja tu. Uzito wa kidole kwenye mraba unausogeza upinde kuelekea daraja, kidogo sana.

Siku ya 38

Mwalimu amekuja. Nimemwekea kiti karibu na spika. Shikamoo, marahaba, chai, kisha nikampigia ufunguzi wa bashrafu niliourekodi jana. Alisikiliza amefumba macho. Aliomba mara ya pili.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu upinde wake una urefu gani?"

Sikuelewa. Akaniomba nirudishe pale fidla inaposhikilia noti ya tano, akanyoosha mkono wa kushoto hewani, maana wa kulia bega linamzuia, akavuta upinde usiokuwepo, akahesabu mapigo. Alipofika la nne mkono ulikuwa umenyooka wote. Rekodi yangu ilikwenda hadi la tisa, na kwa nguvu ile ile. "Sauti nzuri. Noti ya tatu umeiweka mahali pake. Lakini mkono wa mtu haufiki huko. Mimi ninaposikiliza fidla mkono wangu unakwenda nayo, na hapa umeniacha njiani."

Amekunywa chai yake akaniachia kazi.

Siku ya 39 hadi 44

Sikuandika kila siku, nilikuwa nimezama katika kuandika programu.

Nywele za upinde wa fidla ni kama sentimita 65. Nimekiambia kibao cha pumzi kwamba mpulizo mdogo kabisa ni mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde na mkubwa kabisa ni 80. Kila milisekunde kinazidisha mwendo kwa muda na kujumlisha, kwa hiyo wakati wote kinajua upinde umefika wapi. Kwa mwendo wa 20 nywele zinaisha baada ya sekunde tatu na robo. Kwa 65 ni sekunde moja. Ulimi ukikata pumzi, upinde unageuka. Usipokata na nywele zikaisha, upinde unageuka wenyewe: mwendo unashuka hadi sifuri na kupanda tena ndani ya milisekunde 50, na noti inapata kovu dogo katikati. Kwa kuwa kovu likija bila kutazamiwa linavunja wimbo, nimeweka taa ndogo nyekundu kwenye kisanduku, inaanza kuwaka zikibaki sentimita 15.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba napiga tofauti. Upinde ulipokuwa hauna mwisho nilikuwa nashikilia kila kitu. Sasa natunza nywele. Noti ndefu naianza kwa uchoyo ili nibakishe za kukuzia mwishoni, na kabla ya kishindo nageuza upinde mapema niwe na urefu wote mkononi. Misemo ya wimbo imekatika mahali ambapo mwalimu alikuwa akiikata, mahali nilipodhani ni ladha yake binafsi. Ilikuwa urefu wa mkono.

Siku ya 49

Kurekodi. Fidla tatu. Nimezipiga mara tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Kunakili moja na kuisogeza mbele kidogo nilishajaribu wiki iliyopita: mawimbi yanafutana na sauti inakuwa ya ndani ya bomba. Mara ya pili nilibadilisha mahali pa kugeuza upinde, mara ya tatu nikachelewa kidogo kwenye miteremko, kama yule mpigaji wa tatu ambaye kila kundi linaye. Mbao ni zile zile za mwalimu kwa zote tatu, hilo ni pengo. Nitatafuta fidla nyingine mbili za kugonga. Pale Dhow Countries Music Academy, chuo kinachofundisha ala hizi hapa Unguja tangu 2002, fidla zipo, nitaomba kwa adabu.

Halafu nikazitoa fidla zote kwa spika ndani ya chumba kile kile, na kuzirekodi tena kwa maikrofoni ile ile iliyorekodi udi wa kaka. Sasa wote wanavuta hewa moja, na jirani akifunga geti linasikika kwa wote. Adhana ya alasiri ilitusimamisha, tukaswali, tukarudi.

Siku ya 51

Mwalimu amesikiliza bashrafu nzima. Mkono wake wa kushoto ulikwenda na upinde mpaka mwisho, na hakusema kitu kuhusu urefu. Amesema fidla ya tatu ina haraka kwenye mzunguko wa pili. Kweli inayo.

Kisha akauliza mpira ule wa dripu unafanya nini. Nimechomeka kipande kipya cha mdomoni, nikamwekea LinnStrument mapajani, nikamweleza kwamba safu zimepangwa kama waya zake. Alivitazama vile vimiraba kwa muda. Mkono wa kulia akauacha umelala juu ya paja. Akapuliza, kwa hadhari, na vidole vya kushoto vikapanda Rasti, noti ya tatu ikakaa 358 bila ya mtu kumwambia.

Amepiga kama dakika arobaini. Mimi na kaka tulikaa kwenye mkeka. Mara mbili taa iliwaka na hakuiona, kwa sababu nimeiweka upande wa kulia wa kisanduku na yeye anatazama vidole vyake. Ameniomba niihamishie kushoto, na miraba ya noti za msingi niibandikie kitu kidogo cha kupapasa, macho yake jioni hayamsaidii.

Shemeji anarudi Maskati tarehe 20. Nimempigia usiku huu kumwomba kibao kibaki hadi atakaporudi mwezi wa Disemba, na amekubali. Kesho asubuhi nahamisha taa.